Mende Waliotoka Barafuni

Jengo zima lilikuwa likiniita Mama Mende, na sikuwahi kununa. Kuna watu wanaitwa waheshimiwa na hawajui lolote. Mimi niliitwa kwa kitu ninachokijua. Katika chumba cha chini kabisa cha maabara nilikuwa na mende elfu nne na ushee, kwenye mapipa kumi na mawili ya plastiki. Ndani ya kila pipa nilisimamisha trei za mayai ili wapate vichochoro vya kujificha, na mdomo wa pipa niliupaka mafuta ya mgando, upana wa vidole vinne. Mende hapandi mafuta. Atajaribu, atateleza, kisha atashuka akajisafishe mguu mmoja mmoja, tena kwa madaha. Chakula chao kilikuwa pumba na karoti. Karoti nilizichagua mwenyewe sokoni kila Jumatatu, na muuza mboga alikuwa akiniuliza kama sungura wangu hawajambo.

"Hawajambo," nilimjibu kwa miaka kumi na tisa.

Umewahi kumkosa mende kwa ndala, usikatae. Ukadhani alikuona. Hakukuona, alikuwa amekupa mgongo. Nyuma ana vimkia viwili vifupi, na kila kimoja kimeota vinywele zaidi ya mia mbili, kila kinywele kimeinamia upande wake. Ndala ikishuka inasukuma upepo mbele yake. Upepo unatangulia kufika, kinywele kinalala, na habari inakwenda moja kwa moja miguuni bila kuomba ruhusa kwa mkubwa yeyote. Chukua sekunde moja uikate vipande elfu. Mende akiguswa na upepo, vipande hamsini vikipita ameshageuka. Wewe hapo hata ukope hujapepesa.

Binti yangu alijua hayo kabla hajajua kuzidisha. Alikuwa akitoka shule anakuja chini kwangu, anaweka mkoba juu ya friji, anasaidia kukata karoti. Alipokuwa na miaka tisa, mashine ya kukatia maboksi kiwandani ilimchukua baba yake vidole vitatu vya mkono wa kulia. Tulikwenda kumwona hospitali, mkono umefungwa bandeji umekuwa kama kichwa cha mtoto. Binti akautazama sana. Kisha akauliza, "Baba, kwa nini ile mashine haina mkia wa mende? Ingehisi mkono wako ikasimama."

Baba yake alicheka kwa mara ya kwanza tangu aumie. Tangu hapo husalimia watu kwa mkono wa kushoto, na kila mara anaomba radhi: "Nisamehe kwa kushoto, wa kulia uko likizo." Wa kulia hukaa mfukoni. Hata mimi mkewe siuoni ila nikiuomba.

Mtoto hakuliacha lile swali. Alisoma uhandisi, akarudi jengo lile lile, mimi chumba cha chini, yeye ghorofa ya tatu chini ya Profesa. Akatengeneza kihisi. Kilikuwa kidogo kuliko punje ya mchele, na mgongoni kimeota vinywele kumi na sita vya plastiki ambavyo bila hadubini huvioni. Safu ya vihisi hivyo ingepangwa kwenye mdomo wa mashine. Mkono ukikaribia, upepo wake ungelaza vinywele, kisu kingesimama. Kiwanda kilichomkata baba yake kikakubali kugharamia kazi hiyo, kwa sharti moja ambalo binti mwenyewe aliliandika: kihisi kisiwe kizito kushtuka kuliko mende. Nilijivuna mpaka nikawa kero kwa majirani.

Kila mwezi alishuka nacho tukawapambanisha. Bomba moja, pumzi ile ile, kamera ile ile. Kwanza kihisi, kisha mende. Kila mwezi mende alishinda. Mende wangu hamsini, kihisi chake mia na ishirini, mia na kumi, mia na tano.

"Mtoto wako bado anatambaa," nilimtania.

"Mpe muda, Mama. Wako ana miaka mamilioni."

Nikimwangalia akiandika tarakimu zake nilikuwa nikifikiri, huyu atafika. Tatizo lake lilikuwa sanduku. Mende hana sanduku. Kihisi kilihisi vizuri tu, lakini lazima kipeleke habari kwenye sanduku, sanduku lihesabu, ndipo liseme simama. Tena kikiingia vumbi kilipumbaa mpaka mtu akisafishe kwa brashi, ilhali mende hujipangusa mwenyewe.

Sasa, huwezi kumpima mende akiwa anakimbia chumbani. Unamlaza kwanza kwenye barafu dakika chache apoe, unamgandisha mgongo kwenye kijiti kwa nta, miguu ikigusa kioo chenye mafuta. Kisha unangoja saa nzima. Mende aliyetoka barafuni anadanganya. Utamwona anachezesha papasi zake, zile nywele ndefu za kichwani, utasema yuko macho, kumbe miguu bado mizito. Saa moja, hata kama nyumba inaungua. Nilibandika karatasi mlangoni kwa herufi kubwa: SAA MOJA. HAKUNA HARAKA. Mume wangu alizoea kunisubiri nje ya geti kwa ajili ya saa hiyo. Tulichelewa harusi mbili na mazishi moja.

Siku ya jaribio la mwisho wageni wa kiwanda walisema watafika saa tano asubuhi. Mimi nikapanga hesabu zangu. Mende sita niliwatoa barafuni saa tatu na dakika arobaini na nane, wapate saa yao na ziada. Saa nne kasoro tano, mlango ukafunguliwa. Mkurugenzi wa kiwanda na watu wake wanne, na Profesa nyuma yao akitabasamu kupita kiasi.

"Tumewahi kidogo," Mkurugenzi akasema. "Nina safari mchana."

Nikamvuta binti yangu pembeni, karibu na mapipa. "Wape chai. Waonyeshe ghorofani."

"Hawanywi chai, Mama. Ana safari."

Saa nne kamili akaanza. Kihisi kikapata tisini na moja, na hiyo ilikuwa kweli, hakijawahi kupata vizuri hivyo. Kisha mende. Pumzi ikapuliza, miguu ikasita, ikageuka kizembe. Tisini na nne kwa wastani wa wote sita. Watu wakapiga makofi. Mkurugenzi akainama akamtazama mende wangu kwenye kijiti.

"Kumbe naye ni mvivu tu," akasema, wakacheka.

Mende wangu wametukanwa mbele yangu. Nilimtazama binti yangu nikitegemea atasema kitu. Alikuwa akipeana mikono na wageni.

Walipoondoka alirudi peke yake akafunga mlango.

"Umeshaandika saa ya kuwatoa?"

"Bado."

"Andika saa mbili na dakika arobaini na nane."

Kalamu ilikuwa mkononi. "Siyo saa niliyowatoa hiyo."

"Najua, Mama."

"Basi turudie. Kesho. Nitawatoa mapema."

"Daftari wanalitaka leo hii. Sikiliza, nitarudia mwenyewe wiki ijayo, kimya kimya. Kihisi kitafika, wewe mwenyewe unakijua. Tumetoka mia na ishirini mpaka tisini! Nahitaji tu watie sahihi. Miaka sita, Mama. Baba ameshatangazia nusu ya mtaa. Funika kombe, basi."

Machozi yalikuwa yakimlengalenga. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Msemo huo nimewapa wenzangu wengi, tena kwa sauti ya mtu mwenye akili. Nikaandika saa mbili na dakika arobaini na nane. Mwandiko wangu mzuri, wa kulala kidogo.

Wiki ijayo haikuja. Alhamisi ya wiki ileile Profesa alishuka, yeye ambaye alikuwa akishuka mara mbili kwa mwaka.

"Mama Mende, hongera. Tumempata mende asiyekula, asiyetaga wala kunuka. Chumba hiki kitakuwa stoo ya mradi. Hawa watie friza."

"Nipe mwezi mmoja, Profesa."

"Wa nini? Si wameshashindwa?"

Nilipanda ghorofa zote tatu kwa miguu. Binti yangu hakuinua jicho kutoka kwenye hadubini.

"Mama, chumba ni uamuzi wa Profesa."

"Na kurudia jaribio?"

"Nitatafuta mende wengine."

"Wapi?"

"Mende hawakosekani, Mama."

Kweli hawakosekani. Na hakuwatafuta.

Ilinichukua siku mbili, pipa baada ya pipa. Niliwamimina kwenye mifuko nikawapanga kwenye friza, wakachezesha papasi polepole, kisha wakatulia. Nililia, na anayetaka kucheka acheke. Baada ya hapo nikahamishiwa kuosha chupa za maabara. Jumatatu iliyofuata nikajikuta nimenunua karoti. Na Jumatatu nyingine pia. Miguu ilikwenda sokoni yenyewe.

Miezi mitatu baadaye kiwanda kikatualika kwenye maonyesho, nayo ilikuwa Jumatatu. Mume wangu alivaa shati la harusi. Kiwanda kilikuwa vile vile nilivyokijua kwa masimulizi yake: vumbi la maboksi limekaa kila mahali, juu ya taa, juu ya nyaya, kwenye nyusi za watu. Mashine moja ilipambwa kwa utepe. Kwenye mdomo wake kulikuwa na safu ya vihisi, na pembeni sanduku lenye taa ya kijani. Wafanyakazi walisimama nusu duara. Binti yangu alizungumza vizuri sana. Alieleza mkia wa mende, upepo wa mkono, vipande vya sekunde. Alisema kipimo kilionyesha kihisi kimemzidi mende. Vile vipande vya sekunde alivikata kama nilivyomkatia mimi akiwa mdogo.

"Maneno tumeyasikia," Mkurugenzi akasema. "Nani wa kwanza kuweka mkono?"

Wafanyakazi wakatazama viatu vyao. Kabla mtu hajajibu, mume wangu alishatoka mstarini.

"Mimi. Mashine hii tunajuana," akasema. "Wa kulia ilishausalimia. Leo naipa wa kushoto."

Kiwanda kizima kikaangua kicheko, kikapiga makofi. Akakunja mkono wa shati. Ule mkono mzima, unaokula, unaonyoa, unaofunga vifungo, aliunyoosha huku amemgeukia binti yake, na uso wake ulikuwa wa furaha ambayo sijaiona tangu mtoto yule azaliwe.

Mimi nikamtazama binti. Nilimwachia nafasi, nataka ijulikane. Nilisema moyoni, sema ngoja, Baba. Sema taa haijakaa sawa. Sema uongo wowote, si unaujua. Alitazama mkono wa baba yake. Akamtazama Profesa. Akatazama taa ya kijani, akalamba midomo.

"Polepole tu, Baba," akasema.

"Usiweke!" nilipiga kelele mpaka koo likakwaruza. "Mende walikuwa wametoka barafuni! Hawakupewa saa yao!"

Hakuna aliyeelewa, isipokuwa watatu. Profesa alielewa. Binti yangu alielewa. Na mume wangu, aliyenisubiri getini miaka yote ile kwa sababu ya saa hiyo, alielewa kuliko wote. Mkono wake ulisimama shubiri moja kutoka kwenye kisu.

"Samahanini sana," binti yangu aliwaambia wageni, kwa upole, kama muuguzi. "Ni mama yangu. Chumba chake cha mende kilifungwa, bado ana uchungu."

Nikafungua mkoba. Karoti zilikuwa zimefungwa kwenye gazeti. Nikatoa ndefu kuliko zote, nikamkabidhi mwendesha mashine. "Weka hii. Mara kumi."

"Mama, tafadhali," binti akasema.

"Acha iwekwe," Mkurugenzi akasema. Alikuwa anafurahia.

Karoti ikaingia, kisu kikashuka, kikasimama juu yake. Makofi. Mara ya pili, makofi zaidi. Ya tatu, ya nne. Kufikia ya saba watu walikuwa wanahesabu pamoja kwa sauti, na kila kisu kilipogoma binti yangu alinitazama, na mimi, Mungu anisamehe, nilianza kuomba kisu kikate. Nilisimama mbele ya kazi ya mwanangu nikiiombea ishindwe. Nane. Tisa. Vumbi lilikuwa likishuka taratibu juu ya safu ya vihisi, na hapakuwa na mtu mwenye brashi.

Ya kumi haikuwa na kelele. Tak. Kipande cha karoti chenye urefu wa kidole kikaanguka, kikabingirika mpaka kwenye kiatu cha mume wangu.

Mashine ikaendelea kunguruma.

"Tisa kwa kumi," Mkurugenzi akasema. "Na zamani ilikuwa sifuri kwa kumi. Mimi nanunua."

Wageni wakapiga makofi. Wafanyakazi hawakupiga. Mume wangu aliinama, akaokota kile kipande kwa mkono wa kushoto, akakipangusa vumbi, akakitia mfuko wa kulia, pamoja na vidole viwili vilivyobaki.

Mchana ule ule nikaitwa ofisini kwa Profesa. Daftari langu lilikuwa wazi mezani. Binti yangu aliketi upande wake.

"Hapa pameandikwa saa mbili na dakika arobaini na nane. Mwandiko wa nani huu?"

"Wangu."

"Kwa hiyo uliandika uongo wakati ule, au unasema uongo sasa?"

"Niliandika uongo."

"Nani alikutuma?"

Nikamgeukia binti yangu ili aseme mwenyewe. Feni ya dari ilizunguka. Nikaisikia mara nyingi mno ikizunguka. Alikuwa akitazama kucha zake.

"Hakuna," nikasema.

Barua ya kuachishwa kazi ilikuwa na mistari minne. Miaka kumi na tisa, mistari minne, na jina langu la kwanza walikosea.

Nyumbani mume wangu alivua viatu, akaviweka vizuri chini ya kiti, akakaa.

"Alijua?"

"Alijua."

"Hata niliponyoosha mkono?"

"Alijua tangu siku ya jaribio. Hata mimi nilijua. Ni mimi niliyeandika."

"Wewe ulipiga kelele," akasema. Kile kipande cha karoti alikiweka dirishani. Kilikauka, kikajikunja, kikawa cheusi, na nilipotaka kukitupa alinikataza.

Binti yangu kiwanda kilimwajiri. Alituma salamu, akatuma picha, akatuma kila kitu isipokuwa yeye mwenyewe, karibu mwaka mzima. Kisha Jumapili moja alibisha hodi, na mfuko wa matunda, na viatu vinavyolia sakafuni. Baba yake alikuwa uani ananawa. Nikamkaribisha, kwa sababu ni mwanangu, nikampa maji. Sikuwa na la kumuuliza, kwa hiyo alizungumza yeye. Vihisi viko kwenye mashine ishirini na mbili sasa. Profesa amepata tuzo.

"Na mwaka mzima, Mama, aliyekatika ni mmoja tu. Tena ncha ya kidole."

"Ana watoto wangapi?"

"Nani?"

"Huyo mmoja tu."

"Mama, usianze."

Hapo baba yake alikuwa ameshasimama mlangoni, taulo begani. Sijui alisikia kuanzia wapi. Binti aliinuka haraka, akamwendea huku ametanguliza mkono wa kushoto, kama alivyomsalimia tangu ana miaka tisa, ili ukutane na wake.

"Shikamoo, Baba."

Baba yake aliutazama mkono ule. Kisha wake wa kushoto, ule mzima, akautia mfukoni. Akautoa wa kulia, akaunyoosha mbele yake, na vile vidole viwili, kidole gumba na kidogo, na ngozi inayong'aa katikati.

"Marahaba," akasema. "Shika huu."